Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya juu: Mwanafunzi wa Kifaransa avuke mpaka kabla ya kuvaa joho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Na Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vyenye idara za lugha za kigeni.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nimefundisha sekondari, nimefundisha chuo, na jioni bado nawafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani ya kimataifa ya lugha hiyo. Ninaomba jambo moja. Kila mwanafunzi anayesoma shahada ya lugha ya kigeni katika chuo kikuu cha Tanzania apate kuishi muhula mzima mahali ambapo lugha hiyo ndiyo inayotumika darasani, benki na kituo cha polisi. Muhula huo uhesabiwe kuwa sehemu ya shahada, na ugharimiwe kama yanavyogharimiwa mafunzo kwa vitendo ya kozi nyingine. Kwa wanaosoma Kifaransa hakuna haja ya ndege ya kwenda Paris. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linalopiga mawimbi Kigoma.

Mwanafunzi wa udaktari hapewi shahada bila kupita wodini. Wa ualimu hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha akasimama mbele ya watoto halisi. Wa jiolojia hulala porini na nyundo yake. Hakuna anayeyaona mambo hayo kuwa anasa, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba kuna sehemu ya kazi isiyofundishika ukumbini. Lugha ndiyo tumeitoa katika utaratibu huo. Mwanafunzi wa Kifaransa naye hutakiwa kwenda fildi, lakini anaenda wapi? Hotelini, kwenye kampuni ya utalii, au halmashauri ya kwao, anakopanga mafaili na kuandika barua kwa Kiswahili au Kiingereza. Muda ukiisha anarudi na ripoti yenye muhuri. Nimesoma ripoti nyingi za aina hiyo, na sehemu ya changamoto huwa inasema jambo lile lile: hakukuwa na mtu wa kuongea naye Kifaransa.

Niruhusuni niwaonyeshe matokeo yake kwa karibu. Nilikuwa katika ofisi ya kliaringi, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, nimeitwa kukagua tafsiri ya mkataba. Kijana aliyeajiriwa pale kwa ajili ya wateja wa Kongo ni mhitimu wa Kifaransa mwenye ufaulu mzuri, na kazi yake ya maandishi ilikuwa safi: vitenzi vimenyambuliwa sawasawa, alama juu ya herufi zote mahali pake. Simu ikaita kutoka Lubumbashi. Mteja alitaka kujua kontena lake limefika wapi, na kama namba ya fomu ya OGEFREM imeshatoka, maana bila fomu hiyo ya shirika lao la usafirishaji mzigo unaoingia Kongo hukwama. Alikuwa barabarani, honi zinapigwa nyuma yake, ameshapandisha sauti. Akataja kiasi cha fedha: nonante-sept mille. Vitabu vyetu vya kiada vimechapwa Ufaransa, na humo tisini na saba ni quatre-vingt-dix-sept. Kongo na Burundi, kwa urithi wa Wabelgiji, sabini ni septante na tisini ni nonante. Kijana akanyamaza. Akaomba arudiwe, akaomba tena, kisha akamwomba mteja amwandikie WhatsApp. Mteja akakata simu. Mwenye ofisi, ambaye hakusomea Kifaransa popote ila ameshughulika na mizigo ya Wakongo miaka mingi, akapiga mwenyewe wakamalizana kwa Kiswahili cha kuungaunga.

Sina neno la kumlaumu yule kijana. Alisoma kila alichopewa, akafaulu kila alichotahiniwa. Hakuna siku katika masomo yake aliyomsikia mtu akiongea Kifaransa akiwa amekasirika, akiwa na haraka, au akiwa anacheka na wenzake. Kifaransa alichokijua kilikuwa cha mwalimu mmoja anayetamka polepole ili darasa zima lielewe, na cha redio ndogo ya darasani inayorudishwa nyuma kila mtu akikwama. Wanafunzi wetu wanaweza kuchambua dhamira ya tamthilia ya karne ya 17, lakini wengi hawajui kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja.

Tufanye hesabu, kwa sababu najua barua hii itapita kwa wahasibu. Foreign Service Institute, taasisi ya Marekani inayowafunza wanadiplomasia wao, huweka takribani wiki 30 na saa 750 za darasani ili mtu anayeanza Kifaransa afikie kiwango cha kufanyia kazi. Kwa Kiswahili chetu wanaweka wiki 36, saa 900. Kwa Kichina na Kiarabu ni wiki 88, saa 2,200. Hao ni watu wazima wenye walimu bora, madarasa ya watu wachache, na kazi yao pekee ni kujifunza. Sasa chukueni kozi ya lugha ya saa 4 kwa wiki katika muhula wa wiki 15: ni saa 60. Mihula 6 ni saa 360, chini ya nusu ya zile 750. Kozi nyingine zinazojaza shahada ni isimu, fasihi na nadharia za tafsiri. Nazipenda na nimezifundisha, lakini mara nyingi hufundishwa kwa Kiingereza. Na ndani ya hizo saa 360, ikiwa darasa lina watu 40, saa moja ya mazungumzo ni dakika moja na nusu kwa kila mmoja, hata mwalimu asipofungua mdomo kabisa.

Vijana wanalijua pengo hili na wanajitahidi kulijaza. Jioni utawakuta kwenye vimbweta wameweka sheria kwamba atakayetamka neno la Kiswahili anatoa faini ya karanga. Nawaheshimu sana kwa hilo. Ila ukikaa nao nusu saa utasikia wanavyoambukizana makosa: mmoja akikosea jinsia ya nomino, wiki ijayo kundi zima linakosea vile vile, na safari hii kwa kujiamini. Kundi la wanaojifunza haliwezi kujisahihisha lenyewe. Anahitajika karani wa posta asiyeelewa mpaka useme sawasawa, au mpangaji mwenzako anayekuuliza ulimaanisha nini.

Muhula mmoja wa wiki 16, siku 7 kwa wiki, hata tukihesabu saa 5 tu za kusikia na kusema kwa siku, ni saa 560. Zinazidi saa zote za lugha nilizozihesabu hapo juu kwa miaka mitatu.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Sisi ndio wenyeji wa wanafunzi wa wengine. Vyuo vya Ulaya na Marekani vinavyofundisha Kiswahili vimekuwa vikiwatuma vijana wao Zanzibar, Arusha na Mombasa kwa miaka mingi. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilijijengea jina kwa kazi hiyo. Kijana wa Kijerumani anafika anajua nadharia ya ngeli kuliko mwenyeji wake, lakini hawezi kuagiza chai. Anawekwa kwenye familia. Asubuhi anasoma, mchana anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi huku mama mwenye nyumba anamsahihisha, jioni anatumwa dukani. Miezi michache baadaye anapiga soga barazani. Tumeliona jambo hili kwa macho yetu, tumepokea ada zake, na tumejivunia matokeo. Watoto wetu wanastahili utaratibu huo huo katika lugha wanazozisomea.

Wapo wanaoupata, na hapo ndipo pananiuma. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013 kwa ushirikiano na Zhejiang Normal University, na tangu hapo vijana wanaosoma Kichina wamekuwa na milango ya ufadhili wa kwenda China kukaa muhula au mwaka. Wanarudi wakiwa watu wengine. Wanaongea na mafundi, wanasoma maelekezo ya mashine, wanaajiriwa kabla mwaka haujaisha. Nawapongeza, na China inastahili shukrani. Lakini China imelipa kwa sababu imeona faida yake. Wanafunzi wa lugha ambazo hakuna ubalozi wenye fedha nyingi nyuma yake wanabaki na nafasi chache za ufadhili za kugombania. Nchi ikisubiri kulipiwa, basi hata lugha ambazo watu wake watazijua vizuri zitachaguliwa na mlipaji. Ninaamini Tanzania inao uwezo wa kujiamulia hili.

Na kwa nini Kifaransa? Kwa sababu kimetuzunguka upande mzima wa magharibi. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia 2022. Februari 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na Kifaransa ni mojawapo ya lugha zake. Kwa miaka 20, kuanzia 1995 hadi 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mji huo huo ikiendesha kesi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kila shahidi, kila hati, kila hukumu ilihitaji watu wenye lugha mbili zilizokomaa. Kazi hizo zilikuwa mlangoni kwetu miaka yote hiyo, na vyuo vyetu havikuwa na njia ya kumfikisha kijana kwenye kibanda cha mkalimani. Na bandari ya Dar es Salaam, ambayo bajeti ya nchi inaitegemea, katika mizigo yake ya kwenda nje ya nchi mteja wake mkubwa kuliko wote ni Kongo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halijatazamwa vya kutosha, nalo linahusu Kiswahili chenyewe. SADC ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Sote tulishangilia, na mimi nilishangilia. Sasa tuangalie kinachotokea ukumbini. Mjumbe wa Senegal anasimama, anaongea Kifaransa. Mjumbe wa Msumbiji anaongea Kireno, wa Misri Kiarabu. Mkalimani wa mikutano kwa kawaida hutafsiri kuelekea lugha yake ya kwanza, ile anayoimiliki bila kufikiri. Kwa hiyo kibanda cha Kiswahili kinamhitaji mtu aliyekulia Kiswahili, akakomaa katika Kifaransa au Kireno kiasi cha kumfuata msemaji mwenye kasi bila kupoteza hoja. Kila tunapoongeza mkutano unaotumia Kiswahili, tunaongeza mahitaji ya Watanzania wanaojua lugha za wenzao kwa kina. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya ukalimani wa mikutano, na wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wana Kiswahili na Kifaransa vyote mdomoni tangu utotoni. Nafurahi kwa ajili yao. Ningependa na watoto wa Tandahimba na Kondoa wawe kwenye foleni hiyo.

Tuje kwenye mahali penyewe. Chuo Kikuu cha Burundi kipo Bujumbura tangu 1964 na kinafundisha kwa Kifaransa. Kutoka Kigoma mtu anapanda gari hadi Manyovu, anavuka mpaka Mugina, anashuka hadi Nyanza-Lac, kisha anafuata ziwa kupitia Rumonge mpaka mjini. Mwanafunzi wa kwetu atakayefika pale atasikiliza mihadhara kwa Kifaransa, ataandika mitihani kwa Kifaransa, atajaza fomu za usajili kwa Kifaransa. Siku akizidiwa, kuna mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili kinazungumzwa nyumba hadi nyumba, atapata chai na mtu wa kumweleza shida zake. Nimewahi kuambiwa na mkuu mmoja kwamba hilo ndilo tatizo, kwamba vijana watakaa Buyenzi wakiongea Kiswahili muhula mzima. Mimi naona kinyume chake. Kiswahili ndicho kitakachomlinda wiki za mwanzo, asitapeliwe, asipotee, asilale njaa. Mihadhara na mitihani haitamngoja, na alama zake ziko huko.

Lubumbashi nayo ina chuo kikuu kikubwa kilichoanzishwa 1955, na njia yake ni ile ile wanayopita madereva wetu wa malori: Tunduma, Zambia, Kasumbalesa. Kule Kiswahili ni lugha ya mji na Kifaransa ni lugha ya ofisi. Kijana akiishi miezi minne anaiona biashara ya bandari yetu kutoka upande wa mnunuzi. Atakaporudi kwenye ofisi ya kliaringi, simu ikiita, nonante haitamtisha.

Sijasahau usalama, na hakuna mzazi aliyewahi kusahau. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Huko asipelekwe mtu. Uvira, mji wa Kongo wa upande huo huo wa mashariki, iko jirani sana na Bujumbura, kwa hiyo hali ya Bujumbura itazamwe upya kila muhula kabla ya safari, na uamuzi wa kuahirisha ufanywe mapema bila kuona aibu. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Goma. Nimeongea na wazazi wa mabinti, ambao ndio wanaouliza maswali magumu zaidi, na wanachotaka kusikia ni mambo ya kawaida: atalala wapi, nani atamjua kwa jina, akiugua anapelekwa wapi, na nani atapokea simu usiku. Familia mwenyeji iliyochunguzwa, mwalimu mmoja wa kwetu anayekaa na kundi muda wote, na jina la kila mwanafunzi kwenye ofisi yetu ya kibalozi. Hayo yanawezekana. Zanzibar tumewafanyia wageni miaka yote hii.

Kigali sikuitaja kwa sababu tangu 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza. Kwa Kireno tuna Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Kwa Kiarabu tuna Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zinaongea Kiswahili sebuleni. Sitakaa sana kwenye hayo, wenzangu wanaofundisha lugha hizo watayasema vizuri kuliko mimi.

Fedha. Bodi ya Mikopo inajua tayari kulipia mafunzo kwa vitendo. Ni kipengele kilichomo kwenye mikopo yenu. Mwanafunzi mnayemkopesha mnampa fedha za chakula na malazi za kila siku akiwa Dar es Salaam au Dodoma. Akiwa Bujumbura bado anakula na bado analala, na bumu lake, yaani fedha hizo za kujikimu, ni lile lile. Kinachoongezeka ni nauli, bima, kibali cha ukaazi na malazi ya mwalimu msimamizi. Ada inaweza isiongezeke kabisa ikiwa vyuo vitabadilishana nafasi: wao wanatupokea vijana 15 wa Kifaransa, sisi tunawapokea vijana 15 wao wanaotaka Kiingereza au Kiswahili sanifu, kila chuo kinabaki na ada ya watu wake. Mei 2017, hapa hapa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lililoko Kampala lina wajibu wa kurahisisha uhamishaji wa alama kutoka chuo hadi chuo. Tuna tamko na tuna chombo. Na idara zetu za Kifaransa ni ndogo, kwa hiyo mzigo wenyewe ni mdogo ukiulinganisha na kozi yoyote kubwa.

Najua mnasukumwa kuweka sayansi mbele kwenye mikopo, na sina ugomvi na daktari wala mhandisi. Nasema tu kwamba mkikubali kumkopesha mtu miaka mitatu asome lugha, kisha mkamnyima miezi minne inayoifanya lugha hiyo ifanye kazi, fedha ya miaka mitatu imekwenda nusu bure.

Wapo wanaoniambia simu sasa inatafsiri yenyewe. Naitumia na naithamini. Kwa barua ya kawaida inasaidia sana. Lakini tafsiri ya mashine haisimami mahakamani ikaapa. Mgonjwa aliyevuka ziwa kutoka Kalemie akifika hospitali ya Kigoma na maneno yake ya uchungu, muuguzi anamhitaji mtu. Na anayesaini mkataba wa mamilioni anataka kujua nani atawajibika kifungu kikieleweka vibaya.

Ningependa muhula huo uwe na masharti makali. Asiende mwanafunzi ambaye hajafikia kiwango cha kujieleza mambo ya kila siku, kwa mtihani wa mdomo, si wa kuandika peke yake. Akirudi atahiniwe na mtu wa nje ya chuo chake. Na arudi na kazi mkononi. Badala ya ripoti ya fildi yenye changamoto na mapendekezo, akusanye istilahi zinazotumika kweli katika sehemu moja ya maisha: forodha, zahanati, mahakama ya mwanzo, gereji, soko la samaki. Kifaransa cha Bujumbura upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, pamoja na mfano wa sentensi aliyoisikia na mahali alipoisikia. Kila kundi likiongeza ya kwake, baada ya miaka michache Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vyetu vitakuwa na hazina ambayo hakuna mtu wa Paris angeweza kutuandikia.

Jambo hili lina haraka yake pia kwa sababu ya watoto. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umezipa nafasi lugha za kigeni, Kifaransa, Kiarabu na Kichina zikiwemo, mapema kuliko ilivyokuwa. Watoto wadogo huiga wanachokisikia, na wakishakizoea ni shida kukibadilisha. Mwalimu atakayesimama mbele yao ndiye huyu mhitimu tunayemzungumzia. Akiwa hajawahi kuishi ndani ya lugha, atawapa alichopewa: sarufi safi na woga wa kufungua mdomo.

Na mlango wa kuingilia uwe mpana kidogo. Mara nyingi anayetaka kusoma Kifaransa chuoni hudaiwa awe amekisoma sekondari, wakati shule zinazokifundisha ni chache na nyingi ziko mijini. Binti wa Kasulu ambaye amekua akisikia redio za Burundi, mwenye ufaulu mkubwa wa lugha nyingine, anafungiwa nje. Aruhusiwe kuanzia sifuri, apewe mwaka wa kwanza wa lugha tupu asubuhi hadi jioni, kisha avuke mpaka na wenzake.

Katibu Mtendaji wa Tume, ninyi mnaweza kuandika katika miongozo yenu kwamba shahada ya lugha ya kigeni isiyo na muhula wa kuishi kwenye lugha haijakamilika. Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi, mwongozo wa mikopo hutoka kila mwaka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mstari mmoja unaotambua muhula huo kuwa mafunzo kwa vitendo utatosha kuanzia. Makamu Wakuu, makubaliano na Bujumbura na Lubumbashi yako ndani ya mamlaka yenu, na hayahitaji kusubiri mtu. Mheshimiwa Waziri, mnapokutana na mawaziri wenzenu wa Jumuiya, naomba suala la kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, gharama yake na muda wa kukipata, liwe kwenye ajenda. Anzeni na kundi moja dogo la chuo kimoja. Wapimeni kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, kisha matokeo yachapishwe, yawe mazuri au mabaya.

Rasimu ya muhula huo ninayo, kozi kwa kozi, pamoja na makadirio ya nauli na malazi. Niko tayari kuileta Dodoma siku yoyote mtakayonipangia, na kuwaleta pia wahitimu wachache ili muwasikilize wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kifaransa
Dar es Salaam